Kofia Mbili za Askofu Mwami

Tarehe kumi na moja Machi mwaka huu nilimpoteza mke wangu, Tabitha, na pamoja naye nikapoteza mwisho wa hadithi aliyokuwa akinisimulia. Ninyi mliokaa nami matangani hapa South End mnaijua habari ya kwanza. Ya pili sikumwambia mtu, kwa sababu mwanamume anayemlilia mke wake hawezi kusimama mbele ya watu akasema analilia na hadithi pia. Sasa nimerudi, na kila Jumapili mnaniuliza nilikwenda Buffalo kufanya nini. Nimeona niandike mara moja, nisirudierudie.

Tabitha alikuwa akimtunza bibi mmoja Mjerumani hapa Louisville, jina lake Bibi Trudi. Bibi huyu alizaliwa katika mji ambao zamani, kabla Ujerumani haijawa nchi moja, ulitawaliwa na askofu. Si askofu wa kuhubiri tu. Alikuwa na askari, jela, kodi ya bia, na sarafu zenye uso wake. Mkono mmoja fimbo ya uchungaji, mkono wa pili upanga. Maaskofu wa namna hiyo walikuwa wengi, wakatawala karne nyingi. Bibi aliwaita kwa Kiingereza Prince Bishop. Tabitha akifika nyumbani aliwaita askofu mwami, kwa kuwa kwetu mwami ndiye mfalme, na hapo nikaelewa.

Kila jioni mimi nasonga ugali, yeye ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto, ananipa kipande cha hadithi. Askofu wake alikuwa na kofia mbili, ya uaskofu na ya umwami, na wapishi wawili. Ijumaa mpishi wa askofu alileta samaki, kwa kuwa siku hiyo nyama ni mwiko, na mpishi wa mwami alileta paja la nguruwe, kwa kuwa mwami ana wageni. Basi mzee wa watu alikula samaki na kofia hii, akahama kiti, akavaa ile, akala nguruwe. Mpishi wa mwami aliunguza kila kitu.

Jioni ya mwisho, askari wa nchi nyingine walifika langoni kumnyang'anya nchi yake. Askofu yuko chumbani, kofia zote mbili ziko mezani, hajui atoke na ipi. Tabitha akatoa miguu kwenye maji, akasema, "Kesho, baba. Nimechoka." Kesho yake presha ikampiga akiwa kazini.

Bibi Trudi alikuwa amekwisha kuhamia Buffalo kwa binti yake, Karin, lakini kila Jumapili alimpigia Tabitha simu. Tangu msiba, simu hiyo ikilia Jumapili siipokei. Karin nilimweleza msiba mapema. Akasema atafikiri namna ya kumwambia mama yake. Miezi ikapita, naye bado anafikiri. Kwetu mzee hapewi habari ya msiba kwenye simu. Unakwenda, unakaa naye, ndipo unasema. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili Buffalo: kumwambia Bibi, na kumuuliza askofu alitoka na kofia gani.

Louisville hadi Columbus

Nilipanda basi nikiwa na begi la nguo na mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu wa kwetu. Tabitha alimfundisha Bibi kula ndagala, na nikaona si vizuri kwenda kwa mzee mikono mitupu. Nilizifunga kwa plastiki, tena kwa taulo, tena kwa sweta langu. Mnajua ndagala. Huwezi kuzifunga.

Tulipofika karibu na Cincinnati, dereva, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisimamisha basi kando ya barabara akasema kuna kitu kimekufa ndani ya gari lake na hataendelea mpaka kipatikane. Watu wakainuka wakaanza kuchungulia chini ya viti. Kijana mmoja alisema ni panya. Mwingine alisema si panya, yeye anafanya kazi ya kuua panya, hiyo ni kubwa zaidi. Niliwaacha watafute kidogo, kisha nikanyoosha mkono.

"Ni samaki wangu," nikasema.

Dereva akaja mpaka kitini. "Amekufa lini?"

"Zamani, mama."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa bibi mmoja mzee. Anaumwaumwa."

Akavaa miwani, akanitazama juu yake. "Unataka apone, au unataka nini?"

Basi zima likacheka. Mfuko ukapelekwa chini, kwenye mizigo, safari ikaendelea. Lakini Columbus walipofungua mlango wa mizigo, kila begi lilikuwa limepata sehemu yake. Nilisimama pale mlangoni nikampa mkono kila abiria na kumwambia samahani, mmoja mmoja. Bibi mmoja mwenye fimbo alinishika mkono asiuachie. Alidhani mimi ni mchungaji, kwa jinsi nilivyosimama na suti yangu nyeusi nikipeana mikono. Aliomba nimwombee goti. Nikamwambia mimi si mchungaji, nafanya kazi ghalani. Akasema goti halijui tofauti. Nikaliombea.

Columbus

Shemeji yangu Furaha, mdogo wake Tabitha, anakaa Whitehall, kwenye yale majengo ambayo yote yanafanana. Nilibisha milango miwili isiyo yake. Nilipoupata, tulilia kwanza, kisha akaingia jikoni kupika sombe, kisamvu cha kwetu. Watoto wake walikuwa sebuleni na televisheni kwa sauti ya juu. Aliwaambia wapunguze, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba wamepunguza.

"Bon, shemeji," akasema kutoka kwenye sufuria, "Buffalo unaenda kufanya nini?"

"Kwa habari za Prince Bishop," nikajibu. "Nataka kujua mwisho wake ulikuwaje."

Akaacha mwiko. "Mwisho? Ya Bishop Prince?"

"Ndiyo. Tabitha hakuwahi kunimalizia."

"Tabitha alijua?"

"Yeye ndiye aliyenieleza kila kitu."

"Lakini mi nilimuona mu duka Jumamosi!"

Hapo nilidhani anasema amemwona Tabitha, kwa njozi, kama inavyotokea kwa waliofiwa. Nikamhurumia. Nikasema kwa upole, "Hapana, shemeji. Huyo amekufa."

Furaha akasema "Yesu!" akatoka na simu barazani. Nilijua anataka kumlilia dada yake peke yake, nikaona nisimfuate. Nikachukua mwiko nikakoroga sombe.

Kumbe hapo Whitehall kuna askofu wa kanisa lao, Mkongo, aliyeitwa Prince na wazazi wake tangu kuzaliwa. Kila mtu anamwita Bishop Prince. Mimi sikuwahi kumsikia.

Sombe haijaiva, akina mama wakaanza kuingia, vitambaa kichwani, wanalia. Nikafikiri, angalia watu walivyompenda Tabitha, hata huku. Niliguswa sana. Nikampokea kila mmoja kwa mikono miwili. Mmoja akaniegemea begani akasema, "Pole, tumempoteza baba yetu." Nikashangaa kidogo kusikia baba, lakini kwenye msiba husahihishi watu. Mwingine aliuliza mwili uko wapi. Nikamwambia tulikwisha kuzika, Louisville. Akapiga yowe: "Bamemuzika bila sisi! Louisville!"

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mwanamume mrefu, na jaketi la kung'aa la ghalani na kofia ngumu ya kazini kichwani. Mama aliyekuwa begani kwangu akamwona, akaanguka kwenye kochi juu ya watoto.

"Nani amesema nimekufa?" akauliza yule mwanamume. Ametolewa kazini, alikuwa juu ya foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo.

Watu wote wakamnyooshea kidole Furaha. Furaha akaninyooshea mimi.

"Bon, ndugu," Bishop Prince akasema, akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yanagusana. "Sema polepole. Mimi nakusikiliza."

Nikaanza tangu mwanzo. Nikamwambia Prince Bishop si jina, ni cheo. Ni askofu anayetawala nchi. Nikasema walikuwa na jela yao na kodi yao, na kwamba waliokula kwao waliwasifu na wasiokula waliwasema. Nikaona uso wake unabadilika.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna aliyenituma."

"Ni bale ba Westerville?"

"Siwajui watu wa Westerville, baba askofu."

"Bale bametoka mu kanisa yangu bakaenda kufungua yao, njo banasema hiyo maneno. Bishop anakula kodi, Bishop anajifanya mwami. Donc wewe unafika na suti nyeusi, unaleta hadithi ya Wajerumani, unafikiri sitajua ni mimi?"

Aliyeniokoa ni mke wake. Mama Askofu alikuwa amefika nyuma yake, amesimama mlangoni, na alipoelewa alianza kucheka kwanza kimya, mabega tu, kisha akashindwa akakaa sakafuni. "Prince," akasema, "mutu amefiwa muke yake. Hadithi yake inakuuma kwa sababu inakutosha kama kofia yako. Muache."

Akina mama waliokuwa wakilia wakaanza kucheka naye, na waliocheka sana ni wale wale waliolia sana. Nyumba ikawa ya furaha, na mimi katikati yake nimeshika mwiko. Bishop Prince alikaa amekunja mikono muda mrefu. Mwishowe akaniinamia akauliza kwa sauti ndogo, "Na hiyo nchi yao, ilikuwa kubwa?"

"Nyingine kubwa. Nyingine unamaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana."

"Na askari walikuwa ba kanisa?"

"Walikuwa wake."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa chombo kizuri. Kisha akasema asubuhi wanakwenda na gari la kanisa kwenye harusi Buffalo, na kwamba hataniacha nipande basi tena. Furaha alisema afadhali, maana ameinusa mizigo yangu.

Columbus hadi Buffalo

Gari lilikuwa na viti kumi na viwili na watu kumi na watano. Nilikaa nyuma ya dereva, Shemasi Bahati, na Mama Askofu alikaa kando yangu ameshika keki ya harusi mapajani. Bishop Prince alikuwa mbele, na hatukuwa tumetoka hata nje ya mji alipogeuka.

"Endelea. Askari bako mulangoni."

"Wako langoni. Kofia ziko mezani. Hapo ndipo mke wangu aliponiachia."

 Bishop akasema hakuna swali hapo, atatoka na kofia ya mwami, maana adui haogopi mtu wa kubariki. Shemasi Bahati akasema hapana, atoke na ya askofu, maana askari nao wana mama zao, nani atapiga risasi mtu aliyevaa vile? Mwanakwaya mmoja wa nyuma akasema yeye angetokea mlango wa jikoni bila kofia yoyote.

"Wewe Prince ungevaa zote mbili," Mama Askofu akasema. "Moja juu ya ingine. Nakujua."

"Mama, mbele ya batu?"

"Si batu, ni kwaya."

Ubishi huo ulitufikisha Cleveland. Wakagawanyika pande mbili, kisha tatu, wakapiga kura, kura zikazidi idadi ya waliomo. Kwenye kituo cha kupumzikia karibu na Erie, Bishop alinunua viazi vya kukaanga vya watu wote, vikawa havina ladha, na Mama Askofu akauliza kama harufu ile ni kile anachofikiri. Nikasema ni ya Bibi Trudi. Akasema Bibi Trudi ni mtu mmoja tu. Kwa kweli sikupinga sana. Tulikula nusu ya ndagala kwa viazi, tumesimama kwenye upepo wa ziwa, Wamarekani wakituzunguka kwa mbali, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kula nikasikia ladha ya chakula.

Hapo ndipo Bishop Prince alinivuta kando. Akasema, "Ndugu, ukifika kwa ule Bibi, sema kwanza habari ya marehemu. Kofia ingoje. Usichanganye." Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Akasema, "Najua unataka. Mimi nimepeleka habari ya kifo kwa batu wengi. Mulango ukifunguka, ulimi unatafuta maneno ingine." Alikuwa amevua miwani yake na alisema kwa utaratibu, na nikaona kwa nini watu wanamlilia.

Waliniteremsha mbele ya nyumba ya Karin mchana. Gari zima lilichungulia madirishani mpaka mlango ulipofunguliwa.

Buffalo

Karin alitoka nje akafunga mlango nyuma yake. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, na mikono yake haitulii. Alinishukuru kwa kuja. Kisha akasema, "Usimwambie leo. Moyo wake si mzuri. Mwambie Tabitha hajambo, anamsalimu."

"Mama, siwezi kusema hajambo."

"Basi usiseme chochote."

"Nimetoka Louisville," nikasema. 

Bibi Trudi alikuwa jikoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na blanketi magotini. Alifurahi, akapokea mfuko wa ndagala akaunusa kama watu wanavyonusa maua. Kisha akaangalia nyuma yangu. "Na Tabitha? Yuko wapi?"

Kiingereza changu kina maneno ya ghalani na maneno ya kanisani, katikati hakuna kitu. Karin alikuwa ananitazama. Nikachukua la kanisani. Nikasema yuko kwa Lord, yaani kwa Bwana. Lakini Bibi sikio lake moja halifanyi kazi, na hilo jingine lilisikia landilodi.

"Kwa mwenye nyumba?" akauliza. "Mna shida ya kodi?"

"Hapana, Bibi. Bwana amemchukua."

"Mwenye nyumba amemchukua? Na wewe umekubali?"

Karin akaziba mdomo kwa mkono. Nikaona maneno ya kanisani hayatatufikisha. Nikatafuta la ghalani. Ghalani betri ya foklifti ikiisha isirudi tena tuna neno moja tu, na kila mtu analielewa. Nikapiga goti ili uso wangu uwe mbele ya wake, nikasema, "Bibi, Tabitha amekufa. Mwezi wa tatu. Presha."

 Bibi akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilikuwa nafikiri namna ya kukuambia, Mama."

"Huyu hana hata lugha," Bibi akasema, "na amefika kabla yako."

Hakulia pale pale. Alikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka mezani. Akaniuliza kwetu watu hufanya nini. Nikamwambia tunakaa chini, kwenye mkeka, na watu wanakuja wanakaa nasi. Akasema basi akae chini. Karin akasema Mama, magoti. Bibi akasema magoti ni yake. Tukatoa mito ya viti, tukaipanga sakafuni kati ya jiko na friji, tukamshusha polepole, mimi upande huu na Karin upande ule. Alipofika chini, hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na friji ikanguruma mgongoni kwetu.

Tulipokwisha kulia alitaka kuinuka, tukajaribu. Nikashika mabega, Karin miguu. Haikuwezekana. Mara ya pili sote watatu tuliteleza kwenye mito, Bibi akaniangukia kifuani, akaanza kucheka na machozi bado yanatoka. "Niacheni," akasema. Karin akaenda kumpigia simu jirani yao, fundi bomba mwenye nguvu.

Tukiwa tunangoja, nikauliza kuhusu kofia.

"Kofia gani?"

Nikamweleza. Askofu chumbani, askari langoni. Bibi alisikiliza kwa sikio zima.

"Hakuwepo," akasema. "Aliondoka na gari la farasi kabla askari hawajafika, na vyombo vyake vya fedha. Nilimwambia Tabitha hivyo hivyo. Akaniuliza ni nani alibaki. Nikasema, watumishi, nani mwingine? Hakupenda kabisa. Alikasirika siku nzima."

 Miezi yote ile nilikuwa nikimwona mzee yule amesimama mbele ya meza yake, na kumbe nyumba ilikuwa tupu.

"Na wapishi wawili?" nikauliza.

"Wapishi gani?"

"Wa samaki, na wa nguruwe. Huyu wa nguruwe anaunguza kila kitu."

Bibi Trudi akanitazama kwa makini. "Mimi sikumwambia habari ya mpishi yeyote. Alichoniambia yeye ni kwamba mumewe anaunguza ugali."

"Ni kweli," nikasema. "Naunguza."

Karin alikuwa amerudi, amesimama na simu mkononi. Mama yake akapiga mto uliokuwa mtupu kwa kiganja, na Karin akaketi, mgongo kwenye mlango wa jiko.

"Nisimulie," Bibi akaniambia.

"Mwisho sina, Bibi."

"Mwanzo unao."

Nikaanza kwa Kiingereza changu. Nikawapa kofia, nikawapa sarafu zenye uso wake, nikawapa Ijumaa na viti viwili. Nilipokosa neno nilionyesha kwa mikono, na Karin alilitafuta mpaka akalipata. Wapishi walikuwa wameanza kupigana kwa miiko pale mlango wa mbele ulipogongwa kwa nguvu, na fundi bomba akaita kuuliza kama aingie.

Bibi Trudi akainua mkono kutoka sakafuni. "Ngoja hapo hapo!" akampigia kelele. "Askari hawajafika bado!"